Tegu wa panya kwa maabara ya chuo Malindi: tutumie mnyama gani, na wadudu wa unga tuwatunze vipi?

Binti_Shela (Malindi)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada wa wale waliozoea minyoo ya maabara. Chuo kimoja hapa Malindi kinapanga kufuga tegu ndani ya panya kwa kazi mbili. Ya kwanza ni mafunzo: wanafunzi waone yai, lava na tegu mzima kwa macho yao, si kwenye picha ya kitabu. Ya pili ni jaribio dogo la mbegu za maboga. Kuna wazee huku wanaozitwanga na kuwapa watu wenye minyoo, na tungependa kujua kama zinamtoa tegu kweli au la.

Tulivyo navyo: vipanya weupe aina ya Swiss na BALB/c, hadubini mbili za kawaida na moja ya kupasulia, friji na friza. Kabati la joto hakuna. Chumba cha wanyama kina pangaboi tu, na wakati wa kaskazi mnaijua Malindi ilivyo.

Maswali yangu: tuchukue Hymenolepis diminuta au Hymenolepis nana? Vipanya hawa watafaa? Na wadudu wa unga tunaweza kuwaokota kwenye mashine ya posho?

---

Maalim_Tegu (Kilifi)

Waaleikum salaam dada. Nianze na vipanya, kwa sababu hapo ndipo jaribio lenu linaweza kuharibika kabla halijaanza.

H. diminuta ni tegu wa panya mkubwa, Rattus norvegicus, na lava wake hukua ndani ya mdudu wa unga. Humo anaweza kukaa muda wote wa uhai wa panya, anarefuka sentimita 20 hadi 60 na hata zaidi, na mayai huanza kuonekana kwenye kinyesi karibu siku ya 17 tangu panya ameze lava. Kwenye kipanya mwenye kinga timamu mambo hayaendi hivyo. Lava wanatoka kwenye ganda, wanashika utumbo, wanaanza kurefuka, kisha kinga ya kipanya inawafukuza. Kufikia siku ya 12 hivi wengi wameshatoka, kabla ya yai hata moja. Kwa hiyo anayetaka mayai hatayapata kwa kipanya.

Kwa jaribio la dawa ni hatari zaidi. Chukulia vipanya wamepewa mbegu za maboga kuanzia siku ya 7 na wakapasuliwa siku ya 14. Matumbo yatakuwa matupu, na mtu ataandika kwamba maboga yametibu, kumbe ni kinga ya kipanya iliyofanya kazi yote. Kundi la kulinganishia lililopewa maji matupu litawaonyesha hilo, lakini hapo mtakuwa mmeshapoteza wanyama na muda bure. Wanaochunguza kinga yenyewe ndio wanaomtaka kipanya na H. diminuta kwa makusudi, kwa sababu kule kufukuzwa ndiko wanakokusoma.

H. nana anaishi vizuri ndani ya kipanya na hahitaji mdudu: kipanya akimeza yai, linaanguliwa kwenye utumbo mwembamba, lava anaingia kwenye vinyweleo vya ukuta wa utumbo, na baada ya siku 4 au 5 anarudi kwenye uwazi wa utumbo kukomaa. Urahisi huo ndio ubaya wake. Yai linakuwa tayari kuambukiza pale tu linapotoka, na linamwambukiza mtu vilevile. Mwanafunzi mwenye kidole kichafu amekwisha. Tena vipanya hula kinyesi chao, kwa hiyo hamtajua mnyama ameambukizwa mara ngapi, na kipanya aliyewahi kupata mayai hujenga kinga kali dhidi ya mayai mengine. Kwa maabara ya wanafunzi mimi simkubali kabisa.

Ushauri wangu ni H. diminuta ndani ya panya wakubwa, Wistar au Sprague-Dawley, wenye wiki 5 au 6. Ikiwa lazima iwe vipanya, kuna Hymenolepis microstoma, ambaye naye hupitia wadudu wa unga na kipanya hamfukuzi upesi. Huyu kichwa chake hukaa ndani ya mfereji wa nyongo. Ni tegu mzuri wa kufundishia na kwa kazi za jeni (jenomu yake ilichapishwa mwaka 2013), lakini kwa dawa inayofanya kazi ndani ya utumbo ni kipimo kibaya, maana kichwa kimejificha pasipofikika.

Kwa hadubini, hawa wawili wenye kuchanganywa wanatofautika bila shida. Yai la diminuta ni kubwa, mikromita 60 hadi 80, ganda nene la rangi ya manjano au kahawia, na kiinitete cha ndani hakina nyuzi. La nana ni mikromita 30 hadi 50, halina rangi, na nyuzi zinatoka kwenye ncha mbili za utando wa ndani. Kichwa cha diminuta kina vinyonyeo vinne bila ndoano; cha nana kina mduara wa ndoano 20 hadi 30.

---

Hadubini_Lamu

Nakubaliana na Maalim kwa tegu. Mimi nitasema ya wadudu, kwa sababu mzunguko huu ukikatika, mara nyingi hukatikia hapo.

Wadudu wa mashine ya posho msiwatumie kama walivyo. Panya wa mtaani wanapita humo usiku, na mdudu wa unga anakula kinyesi chao, kwa hiyo anaweza kuwa amebeba lava wa tegu msiyemjua. Wachukueni kama wazazi tu. Watieni kwenye unga safi siku 7 watage, kisha wachekecheni wazazi muwatoe. Mayai yatabaki kwenye unga, na kwa joto la nyuzi 30 mtapata wadudu wazima wapya baada ya mwezi hivi. Hao ndio wasafi. Kati ya wadudu hawa wa unga, Tribolium confusum haruki, ila ndugu yake T. castaneum anaruka, basi mtungi ufungwe kwa kitambaa chembamba na mpira.

Unga: atta gramu 950, hamira kavu gramu 50. Kabla ya kuutumia, utieni kwenye mfuko uliofungwa vizuri mkaulaze kwenye friza siku 7 ufe utitiri. Ukitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka unga urudi joto la chumba. Ukifunguliwa ungali baridi, unyevu wa hewa ya pwani unagandia kwenye unga, na baada ya wiki ni ukungu mtupu. Kina cha unga kisizidi sentimita 4. Mitungi iwekwe kwenye meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya visahani vya maji yenye sabuni, la sivyo sisimizi watakula wadudu wote usiku mmoja.

Kuambukiza: chukua wadudu wazima 50, uwaweke kwenye kisahani cha petri chenye karatasi ya chujio, wafunge siku 3 bila chakula. Kusanya kinyesi cha panya mwenye tegu cha usiku huohuo juu ya karatasi yenye unyevu. Yai la diminuta likikauka limekufa, na kinyesi cha sakafu ya tundu kilicholala kutwa chini ya pangaboi hakina kazi. Kiponde kwa matone ya maji mpaka kiwe kama uji mzito, pakaza nusu kijiko cha chai kwenye karatasi yenye unyevu, waachie wadudu saa 24 mpaka 48 gizani. Wao wenyewe wanalivunja ganda kwa kutafuna, kisha kiinitete chenye ndoano sita kinatoboa utumbo wao na kuingia kwenye uwazi wa mwili. Yai ambalo halikutafunwa linapita bure, ndiyo maana njaa ya siku 3 ni muhimu: mdudu aliyeshiba anadonoa tu.

Baada ya hapo warudishe kwenye unga safi, mtungi tofauti na ule wa mbegu, yaani wa wadudu wasafi wa kuzalisha. Usichanganye, kwa sababu mdudu aliyeambukizwa hutaga kidogo, na mtungi wa mbegu utafifia bila wewe kujua sababu.

Kabati la joto si lazima Malindi. Chumba chenye nyuzi 28 hadi 30 kinatosha, na lava wanakuwa tayari baada ya siku 10 hivi. Subirini 14 kwa usalama. Wekeni kipimajoto kinachoandika juu na chini. Wakati wa kusi usiku hupoa, basi ongezeni wiki nzima. Upande wa pili, mtungi usiwekwe juu ya friji wala karibu na dirisha la jua. Joto likikaribia nyuzi 37 lava wanakua na kasoro.

Kuwatoa: mlaze mdudu kwenye friji dakika chache atulie, mweke ndani ya tone kubwa la salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.85 chini ya hadubini ya kupasulia, kata kichwa, kisha shika tumbo kwa sindano mbili nyembamba na ulivute pole pole. Lava wanamwagika wenyewe pamoja na mafuta ya mdudu. Aliyekomaa ana mwili mweupe wa mviringo, chini ya nusu milimita, na mkia unaoning'inia. Zungusha mwanga uone ndani: kichwa kimerudi katikati na vinyonyeo vinne vinaonekana. Kama kichwa bado kiko nje, hajakomaa, na akimezwa atayeyushwa na asidi ya tumbo. Mdudu mwenye lava wengi mno naye mwacheni, maana humo wanabanana na kudumaa. Punguzeni kinyesi au saa mara nyingine.

---

Binti_Shela

Shukrani sana, Mungu awalipe. Nimeelewa kwamba vipanya si kwa kazi hii, na tutatafuta Wistar. Sasa naomba kujua: kila panya apewe lava wangapi? Nimesikia watu wakisema wengi ndiyo bora, ili mayai yawe mengi. Na je, kabla ya kuwapa panya tuna njia ya kujua kama lava wako hai?

---

Maalim_Tegu

Wengi si bora. Tegu hawa wakijazana ndani ya utumbo mmoja, kila mmoja anakuwa mdogo na anatoa mayai machache. Sababu kubwa inayotajwa ni kugombania wanga, kwa kuwa tegu hana mdomo wala utumbo, sukari yake yote anaifyonza kupitia ngozi kutoka kwenye chakula cha panya. Wapeni lava 5 kila panya. Wanaoshika wakiwa 3 hadi 5 kila mnyama, mna tegu wakubwa wenye kufanana, na hesabu inasomeka. Mkimpa panya lava 40, mtakuta nyuzi nyembamba zilizosokotana, na tofauti kati ya kundi na kundi itapotea.

Kwa sababu hiyohiyo ya wanga, msibadilishe chakula katikati ya jaribio. Panya akitolewa kwenye chakula chenye wanga wa nafaka akapewa chenye upungufu wake, tegu wanadumaa bila dawa yoyote. Na hapa ndipo joto la Malindi linapoingia. Panya hatoi jasho, kwa hiyo pangaboi halimpoozi kama linavyompooza mtu. Chumba kikipita nyuzi 30 anapunguza kula, na tegu naye anakonda. Kama kuna fedha za kitu kimoja tu, nunueni kiyoyozi mshikilie nyuzi 22 hadi 25. Pimeni chakula kinacholiwa kila siku kwenye kila tundu na mkiandike. Siku mtakapokuta tegu wadogo, daftari hilo litawaambia kama ni dawa, ni joto, au ni stima iliyokatika.

Kujua kama lava ni hai: chukua 10 kutoka kundi hilohilo, watie kwenye pepsini ya asilimia 1 ndani ya maji ya asidi yenye pH 2, nyuzi 37, dakika 10. Suuza, kisha watie kwenye tripsini pamoja na chumvi za nyongo, nyuzi 37, uwaangalie. Walio hai wanatoka kwenye ganda na utaona kichwa kikijinyoosha na vinyonyeo vikifunguka na kufumba. Wakitoka 8 kati ya 10, endelea. Wakitoka 3, usipoteze panya.

Kumnywesha: sindano butu yenye kichwa cha duara, lava kwenye salaini mililita 0.2. Baada ya kumnywesha, vuta salaini nyingine kwa sindano ileile na uimwage kwenye kisahani chini ya hadubini. Mara nyingi kuna lava amebaki amegandia ndani, na mtu anadhani panya amepata 5 kumbe amepata 3. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kilichoshuka tumboni kimeshuka.

Wiki moja kabla ya yote hayo, chunguzeni kinyesi cha kila panya siku 3 tofauti. Panya wa kununua anaweza kuja na tegu wake mwenyewe.

---

Mpima_Dawa (Mombasa)

Kuhusu mbegu za maboga. Jaribio lipangwe hivi, na panya mmoja ndiye awe kipimo kimoja, si tegu mmoja. Tegu watano ndani ya panya mmoja wanashiriki utumbo, chakula na kinga moja, kwa hiyo mkiwahesabu kama matokeo matano mnajidanganya.

Panya 6 hadi 8 kwa kila kundi, wagawanywe kwa kura. Kundi la kwanza wanapata kiowevu kitupu kinachotumika kuchanganyia dawa. La pili wanapata praziquantel, dawa ya tegu inayojulikana, miligramu 25 kwa kilo. La tatu na la nne wanapata maboga, kipimo kidogo na kikubwa. Bila kundi la praziquantel hamtajua kama tegu wenu wanatibika hata kidogo. Hilo ndilo linalothibitisha kwamba maabara yenu inaweza kuona dawa inapofanya kazi.

Hesabu ya praziquantel: kidonge cha miligramu 600 kikisagwa laini kwenye mililita 240 kinatoa miligramu 2.5 kwa kila mililita. Panya wa gramu 150 anahitaji miligramu 3.75, yaani mililita 1.5, ambayo ni sawa na mililita 10 kwa kilo, na msipite hapo kwa kumnywesha panya. Dawa hii haiyeyuki vizuri majini, inatuama. Tikisa chupa kabla ya kila mnyama, la sivyo wa kwanza anapata maji na wa mwisho anapata dawa yote.

Mbegu zimenywe maganda, zikaushwe kivulini, zisagwe siku moja na zipimwe kwa mizani. Kitu kinachotajwa kuwa na nguvu dhidi ya minyoo ni asidi amino iitwayo kukurbitini, na kiasi chake hakifanani kwa kila boga. Basi nunueni mbegu zote za jaribio kwa mara moja na mzichanganye kabla ya kugawa, badala ya kurudi sokoni kila wiki. Unga wa mbegu wenye mafuta mengi unaziba sindano. Uchujeni kwa kitambaa, na mwandike kwamba mmechuja, maana hicho kilichobaki kwenye kitambaa hakikuingia kwa panya.

Siku: lava siku ya 0. Mayai yahesabiwe siku ya 18, 19 na 20, kwa sababu yanapanda na kushuka siku hadi siku. Gramu 1 ya kinyesi, ongeza maji ya chumvi iliyokolea (gramu 360 hivi kwa lita) mpaka jumla iwe mililita 15, chuja, jaza vyumba viwili vya kioo cha McMaster (kioo cha kuhesabia mayai), subiri dakika 5, hesabu vyote viwili, zidisha kwa 50. Msichelewe zaidi ya hapo, chumvi inalikunja yai.

Dawa siku ya 21. Kupasua siku ya 28, si ya 22. Hili nalisisitiza: kuna dawa zinazomfanya tegu aangushe pingili zote lakini kichwa na shingo vibaki vimeshika utumbo. Mayai yanakwenda sifuri, kila mtu anafurahi, kisha kichwa kinaotesha pingili upya na mayai yanarudi. Ndiyo maana kinachohesabiwa ni vichwa.

Na kwa kuwa diminuta hana ndoano, kichwa kinaachia haraka panya akifa. Fungueni mnyama mara tu anapokufa, toeni utumbo mwembamba wote, funga ncha moja kwenye bomba la sindano ya mililita 20 yenye salaini ya vuguvugu, sukuma taratibu kwenye sinia jeusi. Kisha pasueni utumbo kwa urefu mkague tena, hasa nusu ya mbele. Kazi ifanyike saa ileile kwa makundi yote. Tegu huyu anahama kila siku: panya akila usiku, anasogea mbele karibu na tumbo, mchana anarudi nyuma. Mkipasua kundi moja asubuhi na jingine alasiri, mtaona tofauti ya mahali alipokaa tegu na kuiita athari ya dawa.

---

Daktari_wa_Mifugo_Pwani

Nyongeza mbili.

Msiandike kwenye ripoti kwamba matokeo ya diminuta yanahusu tegu wa ng'ombe au wa nguruwe moja kwa moja. Ni kundi jingine la tegu. Anayetaka kuchunguza vifuko vya tegu kwenye nyama, kama ugonjwa unaotokana na Taenia solium, hutumia Taenia crassiceps. Vifuko vyake vinachomwa kwenye uwazi wa tumbo la kipanya na vinazaana kwa kuchipua, bila mdudu wala mbweha anayebeba tegu mzima. Hapo BALB/c wenu ndio wanaofaa kabisa, na majike yanashika zaidi kuliko madume. Kwa kawaida huanza na vifuko 10 vidogo visivyo na machipukizi kwa kila kipanya, sindano iwe na tundu la kutosha visipasuke, na huvunwa kabla tumbo halijavimba kiasi cha kumtesa mnyama. Maji ya ndani ya vifuko hivyo hutumika pia kama antijeni ya kupimia damu ya wagonjwa. Lakini hapo mnajifunza kifuko kilicho tumboni mwa kipanya, na dawa inayokifikia huko si lazima ikifikie kilicho kwenye ubongo wa mtu.

Pili, kibali kwanza. Kenya majaribio kwa wanyama yanaguswa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) pamoja na kamati ya maadili ya wanyama. Kamati itauliza idadi ya panya na namna ya kuwaua bila maumivu, basi hesabu za Mpima_Dawa ziwe kwenye maombi tangu mwanzo. Diminuta haambukizi mtu kwa yai bali kwa kumeza mdudu mwenye lava, kwa hiyo unga wa maabara usikae kamwe kwenye jiko la wafanyakazi, na mitungi iliyokwisha kazi ilale kwenye friza siku 7 kabla ya kutupwa. Vyombo vimwagiwe maji yanayochemka.

---

Binti_Shela

Nimeyaandika yote. Kwa mpango huu tunaanza na mitungi ya unga sasa hivi wakati maombi ya kibali yakiendelea, maana wadudu watataka zaidi ya mwezi. Swali la mwisho kwa Hadubini_Lamu: mbegu ya tegu wenyewe tuipate wapi, tukamate panya wa sokoni?

---

Hadubini_Lamu

La dada, panya wa sokoni msimguse. Ana leptospira (bakteria wanaomwambukiza mtu) na mengine ambayo hamna vifaa vya kuyazuia, na hata mkipata tegu kwake hamtakuwa na hakika ni aina moja. Ombeni wadudu walioambukizwa kutoka maabara inayofuga diminuta tayari. Wanasafiri vizuri ndani ya chupa ndogo yenye unga mkavu na kifuniko kilichotobolewa, ndani ya boksi lisilopigwa jua. Wakifika, wapasueni 5 siku hiyohiyo muone lava, na waliobaki wapeni panya wawili wa akiba kabla ya kuanza jaribio lolote. Panya hao wawili msiwape dawa kamwe, na kila miezi 3 ambukizeni wadudu wapya kutoka kwao.